Kwetu Kuna Sukari

...tone moja tu, Kunazi, tone moja tu mama, sikuombi ndoo, liangushe hapo kwenye kigae cheupe nilichokisugua kwa maji ya moto mpaka kikang'aa kuliko sahani za mke wangu, nichovye kijikaratasi hiki, nihesabu sekunde, nijue moja... lakini wapi, ananawa uso, kila nikimwinamia ananawa uso, vile vikono viwili vyembamba kama njiti vinapita nyuma ya masikio vinarudi puani, utadhani bibi harusi anayejua wageni wamefika, na kweli leo ndiyo siku yenyewe, bwana harusi yuko sebuleni ndani ya kisanduku chenye matundu, na mwenye bwana harusi amekalia kiti changu anangoja chai yangu, "Fundi, bado unampamba tu?" sauti yake hiyo inapenya mlangoni, Mzee Chapa, nami najibu, "Bado kidogo," kama mtu mwenye shughuli, kumbe nimekaa tu juu ya kigoda katika chumba cha nyuma, magoti karibu na kidevu, mtu mzima wa miaka hamsini na minne anamwangalia hamsta kibete anayeenea kwenye kijiko cha kupakulia, anamsihi akojoe. Na nisipomsihi yeye nimsihi nani, kuna watu tisa wamejiandikisha wanangoja watoto wake, mwalimu wa darasa la tatu anataka majike wawili, kinyozi wa pale kona anataka mmoja wa kijivu, na Mzee Chapa amekuja na kadi, ameshazichapa tayari, amenionyesha hata kabla hajavua viatu, kadi ngumu za rangi ya maziwa, mama Kunazi, baba Jemadari, na chini yake mstari mtupu wa kuandika jina la mtoto, "Hiki ndicho kizazi changu cha mwisho, Fundi," akaniambia, "mikono imeanza kutetemeka, na hawa viumbe si wa kushikwa na mkono unaotetemeka," akacheka, lakini macho hayakucheka, nami badala ya kusema nikapokea kadi, nikazisifia herufi, nikasema ngoja nimpime kwanza mara moja, nikaja kujifungia huku. Kumpima ni sawa, sheria ni sheria, na sheria zenyewe ni zake, ndiye aliyenifundisha, mwaka ule alipokuja kwenye kibanda changu cha funguo na kufuli dogo la kizimba lililokwama, mnyama mwenyewe yumo ndani anatutazama, nikamuuliza huyu panya mkia wake umekatwa na nini, Mzee Chapa akanuna siku tatu, ya nne akarudi na kufuli lile lile, akaketi, akanieleza, kwamba hamsta vibete si panya na si pambo, kwamba jike hapandishwi hajakomaa na hapandishwi akiwa amezeeka, kwamba akishazaa anapumzishwa, si kuzalishwa kama kiwanda, kwamba madume na majike hutenganishwa kabla hawajatimiza wiki nne la sivyo utajikuta kaka kampa dada mimba, kwamba huuzi mtoto wa hamsta kwa mtoto wa mtu bila mzazi wake kuwepo, na aliyemchukua akishindwa kumtunza anamrudisha kwako, hata baada ya mwaka, na hulalamiki, na kwamba kila anayezaliwa anaandikwa daftarini, mama yake, baba yake, bibi yake, alikokwenda, alikufaje, "Kuzalisha kila mtu anaweza, hata uzembe unazalisha," alisema, "mfugaji ni yule anayejua pa kukomea." Alikufaje... daftari lile pale juu ya gunia la maranda, na ukurasa wa Zambarau nimeufungua mara nne tangu juzi, nikaandika tarehe, kalamu ikagoma, haikugoma, mkono ndio uligoma, basi tuseme ukweli hata kama ni kichwani tu, Zambarau, dada yake Kunazi wa tumbo moja, walizaliwa asubuhi ya mvua, watano, wekundu kama punje za maharage, Zambarau ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, akisikia funguo zangu mlangoni anapanda juu ya gurudumu anasimama kwa miguu miwili kama mlinzi, na mwezi uliopita akaanza kunywa maji, chupa iliyokuwa inakaa siku tatu ikawa haimalizi siku moja, nikasema ni joto, maranda yakawa yanalowa nusu kizimba, nikasema chupa inavuja, nikabadilisha chupa, mimi, mtu ninayesikia pini ikikosea ndani ya kitasa, nikabadilisha chupa, na ile harufu, tamu kidogo, kama tunda lililosahauliwa ndani ya mfuko, nikasema ni chakula kipya, halafu mgongo ukaanza kuonekana, halafu asubuhi moja funguo zikalia na hakuna aliyesimama. Nikamfunga kwenye kitambaa cha kufutia miwani, nikamzika kwenye chungu cha maua dirishani, mke wangu akanikuta na udongo kucha zote, nikamwambia nabadilisha udongo, akaniangalia, akasema, "Haya," akapita. Siku ya tisa leo. Sikumwambia yeye, sikumwambia Chapa, na sasa nimekaa hapa nikimwinamia dada wa marehemu... "Shemeji, sukari vijiko vingapi," mke wangu huyo, yuko jikoni, vikombe vinagongana, "Vitatu, mama, tena vya kujaa," "Vitatu, basi Jumatano nikupitie twende wote kliniki, nimechoka kukaa foleni peke yangu," na Chapa anacheka kile kicheko chake cha kikohozi, "Basi kimoja," "Nusu," anasema mke wangu, "na hiyo nusu ni kwa sababu wewe ni mgeni," nami nacheka huku nyuma bila sauti, mke wangu na ugonjwa wake wa sukari, wameishi pamoja miaka kumi na moja kama watu wa nyumba moja wasiopendana lakini wanaoheshimiana, kila asubuhi anajitoboa kidole pembeni mwa kitanda, ananipa kile kimashine nimsomee kwa sababu miwani yake haijulikani ilipo, huwa iko kichwani mwake, nasoma, "Sita nukta mbili," anasema, "Nani kama mimi," siku nyingine nasoma, "Kumi na nne," anasema, "Mashine mbovu hii, fundi mwenyewe yupo hapa na haitengenezi." Alinivunja mbavu mwaka juzi, nilipomtenga dume mmoja asizalishe kwa sababu ya meno, nikawa namweleza habari ya ukoo, kwamba ubovu haupitishwi makusudi, akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini bakuli la unga, akaniuliza, "Na mimi ningekuwa hamsta wako, ungeniandika ukurasa gani," nikacheka, akacheka, lakini tangu Zambarau afe swali hilo halilali, kwa maana nikienda pale sebuleni nikasema huyu jike hatazaa, kwao kuna sukari, yeye amesimama mlangoni na sinia mkononi anasikia, nitakuwa nimesema nini, na binti yetu mkubwa, mwenye ujauzito wa miezi mitano, aliyenipigia simu wiki iliyopita akauliza kwa sauti ya kujifanya hajali, "Baba, hii ya mama hurithiwa?" nikamwambia ule vizuri, tembea, pima, kama daktari, nikakata simu nikatoka nje kufungua kufuli lisilokuwa na tatizo... Kunazi, usilale, mama, usinifanyie hivyo, amejikunja, amekuwa kifundo cha manyoya, tumbo linapanda linashuka, mstari mweusi wa mgongoni umenyooka kama umechorwa kwa rula, mzuri huyu, Mungu nisamehe, mzuri mno, hajawahi kuuma mtu, hata daktari wa mifugo alipomkata kucha alimlamba kidole, rangi hii na upole ule wa Jemadari, mchanganyiko huo tumeungoja mwaka na nusu, na kama kijikaratasi kikibaki na rangi yake, kikiwa safi, si basi, ruhusa nimepata, dada mtu alikuwa dada mtu, huyu ni huyu... Ila Zambarau naye ningempima miezi miwili nyuma angekuwa safi. Hilo nalijua, nalijua tangu nimejifungia humu, sukari ya hawa viumbe haibishi hodi wakiwa wadogo, inakuja wakishakua, wakishazaa, wakishatapakaa nyumba za watu, Chapa mwenyewe alinambia, usafi wa leo haukupi neno la kesho, ukiona mmoja ameanguka nao usimtazame yeye, tazama tumbo alilotoka, basi mimi nasubiri nini hapa, kigoda kimeniumiza kiuno, chai inapoa, nasubiri nini... nasubiri kijikaratasi kiniruhusu kunyamaza. Ni hivyo tu. Nimekaa namsihi mnyama wa gramu arobaini anibebee uongo wangu. Na hata kikigeuka kijani kibichi kama jani, ningesema labda kimepitwa na muda, ningekwenda kununua kingine. Shangazi alikuwa na neno lake kwa mambo kama haya, ficha ugonjwa kilio kitakuumbua, lakini shangazi huyo huyo ndiye aliyenikalisha kabla sijaoa, alikuwa amepeleleza kwa kina mke wangu, akarudi amekunja uso, "Mama yake ana mguu mmoja, wa pili ulikatwa kwa sukari, mwanangu usioe ugonjwa," na alishangaa nilipomjibu kwamba najua, akaniuliza umejuaje, nimejuaje, mchumba mwenyewe ndiye aliyeniambia, shangazi, wiki mbili kabla yako, tumesimama nje ya duka la viatu alikokuwa akiuza, mvua ya rasharasha, sanduku la viatu kichwani badala ya mwavuli, hatujazungumza hata habari ya mahari wala nini, akanigeukia kama mtu anayetaka kugombana, "Kwetu kuna sukari. Mama anayo, bibi alikuwa nayo. Mimi sina bado, huenda nikapata, huenda na watoto. Nakwambia leo ili uchague macho yako yakiwa wazi, usije ukasema sikukuambia," nami sikusema neno la maana, nilisema, "Sanduku lako linalowa," nikalishika upande mmoja, tukatembea hivyo mpaka kwao. Nilichagua. Miaka ishirini na tisa, na kila asubuhi nikisoma namba naichagua tena, ya sita na ya kumi na nne, kwa sababu niliambiwa... na hapo, eh, hapo ndipo lilipo jibu la swali lake la bakuli la unga, limekuwa hapo muda wote, wewe mke wangu huandikwi ukurasa wowote, wewe ulikuwa na mdomo, ulisimama kwenye mvua ukasema mwenyewe, na mimi nilikuwa na masikio, na binti yetu naye ana mdomo na masikio, anastahili kuambiwa ndiyo, hurithiwa, na mama yako anaishi nayo na anacheka, pima, uliza, usiogope, si kukatiwa simu. Lakini Kunazi hawezi kusema kwetu kuna sukari. Jemadari hawezi kuuliza. Wale watoto wasiozaliwa hawawezi kuchagua, na mtoto wa darasa la yule mwalimu atakayeona wake anakunywa anakunywa mpaka mgongo unatokeza naye atadhani ni joto, kama mimi, mdomo wao wote hao ni mimi, hiyo ndiyo kazi, si gurudumu, si mtama, ni huo mdomo, na mdomo wenyewe umefungwa siku tisa na fundi wa makufuli. Haya. Huyu atabaki hapa, na mchanga wake wa kuogea na gurudumu lake, mwanamwali mpaka uzeeni, nitampima kila wiki, sitampa kitu kitamu, akipata atapata akiwa mikononi mwangu, na mama yake na baba yake hawakutanishwi tena, na wale ndugu watatu wa tumbo lake waliokwenda kwa watu, namba za simu zimo daftarini, kwa muuguzi, kwa fundi rangi, kwa yule mama wa mapacha, kesho asubuhi, hapana, leo, nitawapigia leo, watanuna, watanuna na wana haki, na hizo kadi za Mzee Chapa, hapo sasa, hapo ndipo pagumu, kizazi chake cha mwisho, alipanga zile herufi kwa mkono mmoja akiushika kwa wa pili usitetemeke, lakini kuna yule jike wa daktari wa mifugo, ukoo mwingine kabisa, vizazi vinne havina doa, labda, tukiomba vizuri, Chapa mwenyewe atajua la kufanya na kadi, mimi si wa kumpangia, mimi ni wa kumwambia tu, na kigae bado kikavu, na Kunazi amelala fofofo juu yake, kijikaratasi nakirudisha ndani ya kichupa chake, nakaza kifuniko, sijainuka, "Mzee Chapa," naita, na sauti inatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Naam, tayari?" "Njoo huku nyuma, kuna jambo nilikuficha. Njoo wewe, Jemadari mwache hapo hapo mezani," kiti kimelia mara moja halafu hakiendelei, jikoni bomba linafungwa, na mke wangu, ambaye kwa siku tisa hajaniuliza habari ya ule udongo, namsikia akisema taratibu, "Nenda, shemeji, ukamsikilize, amehangaika peke yake vya kutosha."