Moyo wa Cherehani

Umewahi kumwona mtu akianguka katikati ya mbio kama nguo iliyochomoka kwenye kamba, bila hata kunyoosha mikono ajikinge? Hivyo ndivyo alivyoanguka Cherehani, mara mbili. Jina hilo wenzake walimpa kwa jinsi miguu yake ilivyokwenda mbio, na kwa kuwa mama yake ni fundi wa nguo.

"Hukula asubuhi wewe," kocha alisema, akimmwagia maji.

Tangu hapo mama alikuja uwanjani akakaa ameupa uwanja mgongo, neno la kumhimiza ameliacha nyumbani.

Kisha akampeleka kwa daktari wa moyo, naye akampima binti akiwa amelala kitandani. Karatasi ya mapigo ya moyo ikatoka safi, mistari imepangika kama mshono wa pindo.

"Nimefaulu!" Cherehani akasema.

"Umefaulu nini? Hebu niambie, kabla ya kuja ulifanya nini?"

"Nilipumzika, daktari, kama kabla ya mashindano. Na hapa nilivuta pumzi polepole, moyo utulie."

Daktari akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Mama, mwanao kaja kushindana na mashine yangu! Mimi natafuta mwizi, yeye anamficha uvunguni. Vaa raba, binti."

Akampandisha kwenye mashine ya kukimbilia, nyaya zimemjaa kifuani. Kasi ikapandishwa, ikapandishwa tena. Ghafla mistari ikaruka ovyo, macho yakamlegea. Wauguzi wakamdaka.

Alipozinduka alilia. "Nimeshindwa."

"Umeshinda!" Daktari alipeperusha karatasi kama bendera. "Tumemkamata!"

Mwizi mwenyewe alikuwa kijia cha ziada cha umeme wa moyo, alichozaliwa nacho. Madaktari walipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakakichoma. Akauguzwa, akapumzika, akapimwa tena akikimbia. Mistari haikuruka. Akaruhusiwa.

Siku ya mashindano kocha alimsogelea, sauti ya chini. "Umekula?"

"Nimekula, kocha. Hata cha kwako."

Kocha akajikuna kichwa, akacheka kwa haya.

Mama alikaa vilevile, mgongo uwanjani. Mzunguko wa mwisho akasikia miguu ikija kwenye kona ile alikoangukia mara zote mbili, tararara, kama cherehani yake inapomalizia shati. Akasubiri sauti ikatike. Haikukatika. Akageuka.

Binti yake alikuwa mbele, peke yake, meno nje.

Mama akapanda juu ya benchi, kiatu kimoja kikamchomoka, na lile neno likatoka:

"Kimbia, mwanangu! Kimbia!"