Ngozi za Mbangi wa Shemeji

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa dada yangu, na kwetu huku milimani mwanamume akishaapa kwa dada yake hakuna wa kumuuliza tena; akisema amemwona kondoo akisoma barua, watu wanauliza tu barua imetoka kwa nani. Kwa hiyo kaa, jifunike blanketi, usikilize. Ila nakuomba jambo moja kabla sijaanza. Juu ya boriti, pale karibu na tandiko la farasi, kuna kopo la tumbaku lenye kutu. Halihusiki kabisa na habari hii. Usiliangalie.

Dada yangu ni Mamotena. Mumewe, marehemu Lebusa, alikuwa shemeji yangu na mwenzangu wa shimoni. Tumechimba dhahabu ya watu pamoja miaka ishirini na minane. Tuliporudi nyumbani mimi nilikuja na kikohozi. Lebusa alikuwa na kitu ambacho bonde zima hakuna mwenye nacho, mbegu ya bangi ya baba yake.

Bangi kila mtu anapanda, katikati ya mahindi, na chifu akipita anatazama mawingu. Lakini ya Lebusa haikuwa hii ya kwetu. Mwaka mmoja padri alipita kando ya shamba lile mwezi wa tatu, maua yamekolea. Farasi wake akaketi chini kama mtu, akakataa kwenda kanisani, akacheka mpaka jioni. Nilikuwapo. Hatamu niliishika mimi. Na Lebusa hakumpa mtu yeyote mbegu, hata mimi kaka wa mke wake. "Mbegu si chumvi," alikuwa akisema. Akashikilia hivyo hivyo mpaka kaburini, mbegu akamwachia mkewe.

Mwaka jana mvua ya mawe ikalipiga shamba la Mamotena likalala kama mkeka. Akabaki na mbegu tatu ndani ya kitambaa. Moja ililiwa na panya, moja ikaoza, moja ikaota. Ukawa mbangi mmoja tu, nyuma ya nyumba yake, na hapo hapo macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mwezi wa pili mwaka huu akaitwa hospitali huko tambarare akafanyiwe upasuaji, kisha akae kwa binti yake hadi Pasaka. Akaja kwangu akipapasa njia kwa fimbo.

"Kaka, mbangi wa Lebusa nakuachia mafisa."

Mafisa ni kama tunavyokabidhiana ng'ombe. Unamchunga wa mwenzio, maziwa unakunywa, lakini ng'ombe si wako. Akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, aone kwamba hukumla. Ukiona anaelekea kufa, unamchinja kabla hajajifia, nyama isipotee. Pasipo ngozi, unalipa mwingine wa namna ile ile.

"Dada, mimi nimechunga ng'ombe tangu sijaota meno," nikamwambia.

"Ng'ombe akiumwa analia. Huu haulii. Na wewe hata wanaolia huwasikii." Akanishika mkono. "Sikiliza. Mbegu zake zikikomaa, Lebusa yupo. Zisipokomaa, ndiyo basi, hakuna tena popote."

Akaondoka.

Wiki mbili za kwanza nililala vizuri. Mti ulinipita urefu mimi na kofia yangu ya nyasi juu, na kileleni maua yalianza kujazana kama nywele za mzee aliyekataa kinyozi. Halafu asubuhi moja nikakuta jani la chini kabisa limegeuka njano. Si kufifia, ni njano ya kiini cha yai. Nilipoligusa likabaki mkononi mwangu. Nikalichomeka kwenye kofia ili lisionekane pale chini.

Jirani yangu Phakiso, ambaye kazi yake ni kuchungulia kuta za watu, akanisimamisha, akiniita ntate, yaani baba, kama tunavyowaita watu wazima.

"Ntate Ramosoeu, hicho kwenye kofia ni nini?"

"Pambo."

"Pambo limetoka kwa mgonjwa hilo. Unaunywesha mno. Mizizi inazama huko."

Nikaacha kumwagilia. Siku tatu baadaye yakawa manjano manne zaidi.

"Sasa umeunyima maji," akasema Phakiso.

"Si wewe uliyesema?"

"Nilisema upunguze, ntate. Sikusema uufungishe kwaresima."

Nikamwagilia. Yakaongezeka mawili. Phakiso akasema ni njaa, unataka samadi. Sasa wewe unajua, kwetu mavi ya zizini si mbolea, ni kuni. Tunayakata vipande, tunayaanika, ndiyo moto wetu wa baridi. Nilibeba vipande vyangu vyote vya msimu, nikaviponda, nikavifukia chini ya mti wa dada yangu. Tangu siku hiyo ugali nilikula wa jirani, uliopoa, na mboga ya jana. Na usicheke, nilipokuwa nikiponda nilikuwa nikiongea na Lebusa. Nikamwambia, shemeji, kama kuna jambo kati yetu wawili, tulimalize sisi wawili, mti huu umekukosea nini?

Njano ikapanda. Ilianzia kwenye vifundo vya miguu, ikafika magotini. Kila asubuhi nilikwenda nikiwa nimejiambia leo imesimama, na kila asubuhi nilikuta imepanda jani moja. Haikuwa na haraka. Ingekuwa na funza ningewaua, ingekuwa mbuzi ningempiga jiwe. Nimekaa chini ya ardhi miaka yote ile, mwamba ukinguruma unajua pa kukimbilia, hata kama hufiki. Hapa nilikuwa nimesimama juani, mikono mitupu, natazama kitu kinachokufa taratibu na chenyewe hakina habari na mimi.

Majani yaliyoanguka sikuyatupa. Niliyatunga kwenye uzi, moja baada ya jingine. Zilikuwa ngozi zangu zile. Dada akirudi ataona kwamba sikuula.

Njano ilipofika kiunoni, ilikuwa Alhamisi, siku nane kabla ya Ijumaa Kuu. Phakiso akaja, akautazama, akavua kofia. Huyu mtu havui kofia hata mbele ya chifu.

"Ntate," akasema polepole, "ng'ombe akifika hapa, wewe unafanyaje?"

Nilikuwa najua. Kila mchungaji wa mafisa anajua. Hungoji ajifie. Nikaenda nyumbani, nikanoa mundu.

Niliukata kwa pigo moja, kwa chini. Ukaniangukia mikononi, na hapo ndipo nilipoelewa, kwa mikono kabla ya kichwa. Mnyama anayekufa huwa mwepesi. Huu ulikuwa mzito. Juu kule ulikuwa umejaa, unanata, unanuka kama siku zile za farasi wa padri. Nikapasua ua moja kwa kucha. Mbegu zilikuwemo, nyingi, nyeupe, laini kama mayai ya chawa. Zilibakiza wiki tatu kukomaa. Labda mbili na nusu.

Nilijaribu kuurudisha. Usiseme kwa mtu. Nilichimba shimo, nikausimika, nikaushikilia wima mpaka miguu ikafa ganzi. Phakiso alisimama pale pale, kofia bado mkononi. Kwa Phakiso, hilo peke yake lilinitisha kuliko kitu kingine.

Basi nikatengeneza uongo. Ulikuwa uongo mdogo, wa kumfaa kipofu. Mti umejikaukia wenyewe, ngozi hizi hapa. Vile vichwa vibichi nikavificha chini ya kitanda.

Mamotena alirudi Jumanne baada ya Pasaka. Alikuja moja kwa moja kwangu, miwani myeusi usoni, bila fimbo. Kutokuwepo kwa fimbo kulitosha kunionya, lakini mwongo akishajiandaa hasikii.

"Kaka, mbona umekonda?"

"Umejuaje?"

"Nakuona." Akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu kidogo, lakini yalikuwa macho. "Na shati hilo ulifue. Mbangi wangu vipi?"

Nikampa ule uzi wa majani, na kile kisiki nilichokuwa nimekitunza, na hotuba yangu yote. Ugonjwa wa njano. Ulianzia chini. Tulihangaika, mashahidi wapo. Akayapitisha majani mkononi moja moja.

"Haya ni ya chini," akasema.

"Ndiyo, ulianzia chini."

"Kaka, kila mwaka yanaanguka. Mti ukishabeba maua hauna kazi na majani ya chini, unayanyonya ulishe kichwa. Lebusa alikuwa akiingoja njano hiyo kama wewe unavyoingoja pensheni. Ilipofika magotini alikuwa anaimba." Akaweka uzi kando. "Umeniletea viatu. Kofia iko wapi?"

Akachukua kisiki, akapitisha kidole pale kilipokatwa, pa mshazari, laini.

"Ugonjwa huu una mundu?"

"Naapa kwa dada yangu—" nikaanza.

"Endelea," akasema. "Yupo, anasikiliza."

Nikamweleza basi. Mafisa, mchungaji, kuchinja kabla hajajifia. Nikatoa vichwa chini ya kitanda. Akapasua kimoja, akaona mbegu nyeupe, akaona tena kingine, na kingine. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Machozi yakaanza kumtoka, naye akawa anayafuta haraka haraka kwa nyuma ya mkono.

"Daktari amenikataza kulia wiki sita," akasema. "Ndiyo sheria aliyonipa, hiyo moja tu."

"Dada, nitalipa."

"Kwa kitu gani? Kondoo kwa kondoo, ng'ombe kwa ng'ombe. Lebusa mwingine utamtoa wapi?"

Nilikuonya usiliangalie lile kopo. Nikaliangalia mimi.

Mara moja tu, kidogo tu. Lakini macho yale yalikuwa mapya. Yakafuata ya kwangu mpaka kwenye boriti.

"Kopo la nini?"

"Misumari."

"Lishushe."

Nililishusha. Akalifungua, akamimina kiganjani. Zilikuwa mbegu zenye madoa na mistari, kama mayai ya kware, na bonde zima zinajulikana ni za nani.

"Lini?"

"Mwaka ule wa mwisho wake. Tulipokuwa tukipura. Ziliingia kwenye pindo la blanketi langu."

"Zenyewe?"

"Nilizisaidia."

"Na miaka saba hukuzipanda?"

"Ningezipandaje, dada? Harufu yake ingeita jina la Lebusa mpaka ng'ambo ya mto."

Akazirudisha ndani ya kopo, zote, mpaka ile iliyobaki kwenye mkunjo wa kiganja. Kisha akazimimina kwenye kitambaa chake, kopo tupu akanirudishia niliweke pale pale nilione kila nikilala. Na kama faini ya kile kiapo akachukua kondoo wangu jike mweusi.

Mbegu kumi amezitia kwenye kitambaa chenye maji kando ya moto wake, tuone kama bado zina uhai. Miaka saba ndani ya bati, joto na baridi, hakuna ajuaye. Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi naenda, tunafunua, tunafunika. Phakiso anasema mbegu ya wizi haioti. Nimemwambia akachungulie ukuta mwingine.

Ndiyo hivyo. Kila neno ni kwe—

Aa. Dada. Umesimama hapo mlangoni tangu lini?

"Tangu habari ya padri," anasema. "Nilikuja kukuita tufunue. Farasi alicheka mpaka jioni?"

"Alitabasamu, dada."

"Farasi wa padri alikufa kabla sijaolewa. Uliapa kwa nani?"

Nami nina kondoo mmoja tu aliyebaki, dume, pembe moja. Nimekwenda zizini nikamfungua, tukatembea watatu mpaka kwake, dume akinivuta nyuma kila hatua. Dada akamfunga karibu na yule mweusi. Tukaingia ndani, tukapiga magoti kando ya moto, akafunua kitambaa kwa vidole viwili, akainama karibu kabisa na yale macho yake mapya.

Bado.