Chumba Nyuma ya Boti

“Nani alikutuma, Connie? Nakuuliza hilo tu. Nani alikutuma?”

“Zawadi hutumwa? Zawadi hutolewa! Mtu anapewa, anasema asante, mambo yanaisha!”

“Sikuomba zawadi.”

“Ndiyo maana ikaitwa zawadi, bibi wee!”

Ilikuwa asubuhi na kahawa yangu ilikuwa bado ya moto. Muriel Zabinski kasimama kwenye ujia wa nje wa ghorofa yetu, kavaa gauni la kulalia na sweta juu yake, simu kaishika kama mtu aliyevua kiatu anasaka mende. Connie Tarantola kajaa mlangoni kwake, mikono kiunoni, harufu ya vitunguu saumu ikimtoka nyuma. Mlango wangu uko katikati ya milango yao. Mimi si mbeya, jirani yeyote wa hapa Hallandale, Florida, atakwambia, lakini mlango wangu nauacha wazi kwa ajili ya upepo, na upepo ukiingia huingia na maneno.

“Pearl!” Connie akaniita. “Usijifiche nyuma ya kikombe. Mwambie mwenzako. Si sote tulichanga?”

“Tulichanga,” nikasema. Ningesema nini?

Habari yenyewe ni hii. Kila Januari ghorofa yetu nzima hupanda meli ya starehe, na kamanda wa safari ni Connie. Yeye ndiye anayeongea na kampuni, yeye ndiye anayetandaza ramani ya meli mezani na kuikandamiza na makopo ya nyanya pembeni. Vyumba huvipanga mstari mmoja, ubavu mmoja wa meli, vyote vina roshani. Tukishapanda tu humshika mhudumu mkono, humtia kitu mfukoni, na mhudumu hufungua vile vizuizi vinavyotenga roshani na roshani. Inakuwa baraza moja ndefu, na huko ndiko tunakonywea chai tukiwa na majoho yetu ya kuogea, tukipigiana kelele kutoka mwisho hadi mwisho. Abiria wa upande ule hutulalamikia kila mwaka. Sisi nasi kila mwaka tunarudi.

Muriel alikuwa hajaja nasi tangu mumewe Seymour alipoanza kuugua. Seymour alifariki majira ya kuchipua, na vuli ilipofika Muriel akatuambia kwenye chumba cha kufulia, akikunja shuka, kwamba mwaka huu atakuja. Tulifurahi kama tumepata harusi. Kumbe chumba kakichagua mwenyewe, na hakikuwa kwenye mstari wetu wala kwenye sitaha yetu. Kiko chini, nyuma ya boti za kuokolea watu. Kwenye ramani vyumba hivyo huwekewa alama ya pembetatu ndogo, ili usije ukasema hukuambiwa. Dirisha lipo, ndiyo, lakini ukivuta pazia unatazamana na ubavu wa boti ya rangi ya chungwa, kubwa kama lori.

Mjini kwetu mtu hachukui chumba kile akiwa na uwezo wa kingine. Basi tukaanza kunong’ona, na mimi sikuwa nyuma. Kafilisika, maskini. Ugonjwa wa Seymour umemkomba. Na mwanamke mwenyewe anatimiza miaka themanini humo humo melini! Tukachanga kimya kimya, Connie akapiga simu, akamhamishia kwenye mstari wetu, roshani katikati ya yangu na yake. Asubuhi hii kampuni ikamtumia Muriel ujumbe wa hongera kwamba chumba chake kimepandishwa hadhi. Na hapo ndipo alipotoka na gauni la kulalia.

“Watu wanauana kwa roshani, Muriel,” Connie akaendelea. “Wanauana!”

“Wape, basi. Waache kuuana.”

“Unataka kuamka siku yako ya kuzaliwa unatazama tumbo la boti?”

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nimechoka.”

“Sote tumechoka! Nani hapa hajachoka? Pearl ana nyonga ya chuma, mimi magoti yangu yanaongea kuliko mimi! Mtu aliyechoka anakaa kwenye roshani, anaweka miguu juu, anatazama bahari.”

Muriel akafumba macho, akayafumbua polepole kama mtu aliyetarajia atakuta sote tumeondoka. Alikuwa amekonda uso, na chini ya macho pamevimba. Ule wembamba tuliudhani wa huzuni ya mume, na ni kweli huzuni hukondesha, lakini huyu alikonda zamani, Seymour bado yu hai.

“Leo ndiyo mwisho wa kubadilisha,” akasema. “Wanafunga saa kumi na moja jioni. Jina la anayepanga ni lako, mimi hawanisikilizi, nimeshawapigia. Nirudishie chumba changu.”

“Sirudishi.”

“Basi sisafiri.”

“Sema ukweli tu kwamba hututaki!” Sauti ya Connie ikapasuka kidogo. “Miaka yote umefunga mlango wako. Nakuletea chakula, unakipokea kwenye upenyo kama mlinzi wa benki. Sahani inarudi imeoshwa, imening’inizwa kwenye kitasa. Hata neno! Una nyumba ya pembeni, yenye bahari kubwa kuliko jengo zima, na hakuna mtu humu aliyeiona. Haya, hututaki. Lakini usituambie umechoka.”

Akafunga mlango. Muriel akageuka akaenda zake, akipitisha bega ukutani kama kawaida yake. Tangu siku nyingi anatembea hivyo kwenye ujia, hasogelei kabisa upande wa reli unaotazama maegesho. Sisi tulisema anaringa, hataki kugusana na watu.

Mchana ulikuwa mrefu. Nilikwenda kucheza karata chini kwenye bwawa, nikashindwa kila mchezo kwa sababu kila mtu alitaka nisimulie, na siwezi kusimulia na kuhesabu karata kwa pamoja. Nilipopanda tena nikamkuta Connie nje ya mlango wake ameshika sinia la tambi za kuoka, jibini bado inachemka juu.

“Ni za nani?” nikauliza.

“Zake. Hajala. Nimemwangalia tangu asubuhi hajaenda popote.”

“Si umegombana naye?”

“Kugombana ni kugombana, kula ni kula. Twende, mimi peke yangu atanifungia.”

Tukagonga. Ikachukua muda. Mlango ukafunguka ule upenyo wetu wa siku zote, jicho moja na nusu ya sweta.

“Asante,” Muriel akasema, akatoa mikono.

“Hapana,” Connie akasema, na akaweka guu lake mlangoni. Guu la Connie likishawekwa, hutalisogeza bila winchi. “Sinia ni la moto, litakuunguza. Niambie niliweke wapi.”

Muriel hakusukumana naye. Nadhani hakuwa na nguvu ya kusukumana. Aliuachia tu mlango, ukajifungua wenyewe, na sisi tukaona ndani kutoka pale tulipokuwa.

Nyumba ilikuwa na giza, saa nane ya mchana, Florida. Ile milango mikubwa ya kioo ya kutokea kwenye roshani haikuonekana. Mbele yake lilisukumwa kabati la vyombo, lile zito la zamani la kurithi, likaegemeshwa na viti viwili. Juu ya kabati, kwenye kipande cha kioo kilichobaki, ukapita mwanga mwembamba. Na sakafuni, mbele ya kabati, pametandikwa godoro lenye mto mmoja. Shuka yake ilikuwa imetandikwa vizuri kama ya hospitali.

Connie akaangalia kabati, akaangalia godoro.

“Muriel,” akasema taratibu, na mimi Connie sijawahi kumsikia akisema kitu taratibu, “unalala hapo?”

“Nilianza wakati wa Seymour.”

Akaegemea ukuta. Akatuambia akiwa amesimama vile vile, bila kulia, kama anayesoma maelekezo ya dawa. Seymour alipoanza kusahau, kitu alichokumbuka ni kwamba lazima arudi nyumbani, Bronx, kwenye jengo alilokulia. Anaamka gizani, anavaa kofia, anakwenda kwenye roshani. Alidhani nyuma ya ile reli kuna ngazi za kushukia mtaani. Mara ya kwanza Muriel alimkuta keshapitisha mguu mmoja.

“Nilimshika kwa kamba ya pajama,” akasema. “Ghorofa ya kumi na moja, Connie. Kamba ya pajama.”

“Mama wa Mungu.”

“Basi nikahamisha kabati. Na mimi nikalala mbele yake, ili akitaka kulisogeza anikanyage kwanza. Alinikanyaga sana.”

“Kwa nini hukusema? Milango yote hii ya watu!”

“Ningesema, mngenisaidia. Mngekuja kila saa. Kamati ya jengo ingejua. Na kila mmoja wenu angeniambia nimpeleke kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, tena mngeniambia kwa upendo. Nilimwahidi sitampeleka. Kafia kitandani kwake, amenawa, amenyolewa.”

“Sasa hayupo,” nikasema mimi, kwa sauti ndogo. “Ungerudisha kabati, Muriel.”

“Nililirudisha. Nikalala kitandani. Nikiona uwazi ule nasikia mtu anavaa kofia.” Akajipangusa uso kwa kiganja. “Nikirudi hapa chini napata usingizi kidogo. Kidogo tu. Nilipoona ile ramani yako, Connie, nilitafuta kabati. Ndiyo hivyo. Nilitafuta chumba chenye kabati, na boti ndiyo kabati lenyewe.”

Connie akauliza kile ambacho na mimi nilitaka kuuliza: “Si ungechukua chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha?”

“Humo nitaamka nisijue kama kumekucha. Giza ninalo hapa, limenitosha. Nataka mwanga uingie. Sitaki tu kuwe na mahali pa mtu kuanguka.”

Connie akanibwagia sinia mikononi. Lilikuwa la moto kweli. Akachomoa simu kifuani, akapiga, akaiweka sauti ya wazi, na sote watatu tukasimama mlangoni tunasikiliza muziki wa kampuni ya meli, ngoma za kisiwani na kibinti kinachosema simu yetu ni muhimu sana kwao. Muziki ule ulipigwa mpaka majirani wa mwisho wa ujia wakatoa vichwa. Mikono ikaniuma, nikaliweka sinia kwenye mkeka wa mlangoni. Hatimaye akaja binti wa kweli.

“Chumba kile cha mwanzo kimeshachukuliwa, bibi. Asubuhi hii hii.”

Muriel akaangalia chini.

“Kipo kingine cha namna hiyo?” Connie akauliza. “Nyuma ya boti.”

“Kipo kimoja, sitaha hiyo hiyo, kuelekea nyuma. Ila ni wajibu wangu kukuonya, mandhari yake imezibwa.”

“Imezibwa na nini?”

“Na boti ya kuokolea, bibi.”

“Yote?”

“Sehemu kubwa, bibi. Juu panabaki nafasi ya mwanga.”

Connie akamtazama Muriel. Muriel akaitikia kwa kichwa.

“Mwanga tunautaka. Na chini?”

“Chini huoni kitu. Samahani sana.”

“Usiombe samahani, mwanangu! Tupe hicho!”

“Bibi, sijui kama umenielewa. Sasa hivi mgeni ana roshani. Unataka kumtoa kwenye roshani umpeleke nyuma ya boti? Na tofauti ya nauli hatuirudishi.”

“Kaeni nayo! Nunueni rangi, mpake boti! Nataka boti, nataka ile nene kuliko zote mlizo nazo!”

Tukasikia vidole vya binti vikigonga kompyuta. Muriel akamgusa Connie kwenye kiwiko.

“Muulize kama huwa wanaiondoa.”

Connie akauliza. Binti akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema ya kumpa mteja, kwamba ndiyo, bandari moja katika safari ile haina gati kubwa, kwa hiyo asubuhi boti hushushwa majini kupeleka abiria pwani, na mchana kutwa mgeni anapata bahari yote dirishani. Jioni boti inarudishwa.

Nikamwona Muriel anapiga hesabu ya siku ile, kwa uso ule ule wa asubuhi.

“Chukua, binti, andika,” Connie akasema kwenye simu. Kisha akaifunika kwa kiganja. “Siku hiyo mimi sishuki. Bandari yenyewe ni maduka ya fulana tu. Nitakuja na kiti changu nikae dirishani. Niangalie mwili huu, Muriel. Boti gani itaziba kuliko mimi?”

Muriel akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kibovu, cha mtu aliyesahau kinaanzia wapi, halafu akashika mdomo kwa aibu. Binti akasema ameshaandika, akatutakia safari njema, akauliza kama kuna jingine. Connie akamwambia aolewe na mtu mzuri, akakata.

Tukabaki kwenye ujia, tambi zinapoa juu ya mkeka. Miaka yote tumezoea kwamba hapa ndipo mlango unapofungwa. Connie akainama kwa shida, magoti yakaongea, akaokota sinia akamnyooshea.

“Haya. Sahani utaniachia kwenye kitasa.”

Muriel hakulipokea. Alirudi nyuma hatua, akapapasa ukutani, akawasha taa. Akaenda kwenye vile viti viwili vilivyoegemea kabati, akakichomoa kimoja, akakiburuta hadi mezani. Kabati lilibaki mahali pake. Akarudi kuchukua cha pili.

“Pearl, cha tatu kakichukue jikoni, uingie polepole usikanyage godoro,” akasema, ametugeuzia mgongo. “Kuna supu ya kabichi ya jana. Ingieni tule.”