Fomu ya Daraja

Kwa miaka sita mfululizo karani wa kata alijaza fomu ya kuomba daraja, na kwa miaka sita jibu likawa lile lile: ombi limepokelewa, fedha zikipatikana mtajulishwa. Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili. Idadi ya kaya, upana wa mto, umbali hadi barabara ya lami. Swali la tisa liliuliza ni watu wangapi waliopoteza maisha mahali hapo. Kila mwaka aliandika "Hakuna," akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akagonga muhuri.

Dada yake, nesi pekee wa zahanati, hakuacha kumtania.

"Wewe na barua zako! Hilo daraja likija, mimi nitalivuka na mkongojo."

"Subira huvuta heri, dada."

"Heri gani, na magogo yenyewe yameshaoza? Subira yako imeota kutu."

Nusu ya wagonjwa wake waliishi ng'ambo. Njia ya kuwafikia ilikuwa magogo mawili yaliyofungwa kwa waya. Kiangazi hata mbuzi walipita. Mvua zikishika, maji yalipanda mpaka yakalamba magogo.

Asubuhi moja ya mvua, mwanamume alisimama ng'ambo akipiga kelele: mkewe ana uchungu tangu jana, na mtoto ametanguliza miguu. Nesi akavaa mabuti, akafunga mkoba wa kazi mgongoni kwa kitenge, kama abebaye mwana. Karani alisikia kelele ofisini, akatoka mbio.

"Dada, ngoja basi maji yapungue!"

"Uchungu haungoji maji, mdogo wangu. Mwambie mama asinimiminie chai, itapoa."

Alifika katikati. Gogo la kushoto likazunguka polepole, bila kishindo, kama mtu anayegeuka kitandani. Karani aliona mkono mmoja ukishika waya, kisha hakuona kitu.

Walimpata alasiri, mbali kule mto unapokata kona, mkoba ungali mgongoni. Ng'ambo, majirani walimzalisha yule mama kwa walivyojua. Yeye alipona. Mtoto hakulia.

Wiki tatu baada ya mazishi, injinia wa wilaya alipiga simu. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kama anayekanyaga miiba.

"Pole sana, ndugu yangu. Sasa nisikilize. Maombi yanafungwa Ijumaa. Ni mengi kuliko fungu lenyewe, na yanayotangulizwa ni yale yenye... yenye swali la tisa. Jaza upya. Safari hii litapita."

"Yaani dada yangu ndiye awe kigezo?"

"Hiyo fomu sikuitunga mimi."

Karani alijaza yote, akaliruka la tisa. Fomu ikalala mezani Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi mchana aliibeba nyumbani, akamsomea mama yake, ambaye hakujua kusoma. Mama alikuwa amekaa kizingitini na ungo wa mchele mapajani.

"Hapo wanataka nini?"

"Idadi, mama."

"Na jina lake?"

"Hakuna nafasi ya jina. Ni kisanduku tu, kidogo."

Mama aliendelea kuchambua, akitupa vijiwe kimoja kimoja uani.

"Andika, mwanangu. Usipoandika wewe huyu, mwakani mwenzio ataandika wake."

Akaandika moja. Kisha akaenda nyuma ya jiko, mtu mzima na ndevu zake, akalia huku ameuma kola ya shati asisikike.

Daraja lilikamilika baada ya miezi minane: zege tupu, na vyuma vya kushika pande zote mbili. Mheshimiwa akaja kukata utepe, akasifu serikali kwa usikivu wake. Watu wakapiga makofi. Karani naye akapiga, maana daraja lilikuwa zuri, na halikuwa na kosa lolote.

Ila zahanati ilibaki imefungwa. Wilaya ilisema nesi ni fungu jingine, na lina fomu yake. Wagonjwa wa ng'ambo wakawa wanavuka bila kulowa hata kisigino, wanakuta kufuli mlangoni, wanarudi walikotoka.

Mama hakwenda siku ya utepe. Alikwenda wiki iliyofuata, jua likiwa limepoa, akimshika mwanawe mkono. Walipofika katikati alikanyaga kwa nguvu mara mbili, kama ajaribuye sakafu ya nyumba mpya.

"Lina nguvu," alisema.

"Lina nguvu, mama."

Kiangazi kilikuwa kimeingia, na maji yalipita kwa shida kati ya mawe. Mama aliegemea chuma akayatazama.

"Maji yenyewe ndiyo haya?"

Karani alisogea karibu. Akasimama naye pale, mkono begani mwake, mpaka mama mwenyewe aliposema twende.