Usingizi wa Fundi Saa na Utafiti wa Saratani

Haya yote ni kweli tupu, hayana hata chembe ya chumvi. Atakayebisha akamuulize dada yake Fundi Saa, maana yule hajawahi kumsitiri mdogo wake kwa lolote.

Fundi Saa alistaafu macho yake yalipoanza kuona mishale minne kwenye saa ya mishale miwili. Mpwa wake, anayefanya kazi maabara, akamletea kompyuta kuukuu na kuiunganisha na mradi wa watafiti wa saratani.

"Mjomba, hesabu za vinasaba ni nyingi mno," akamweleza. "Ni kama magunia ya mchele wa kuchambua, tukitafuta jiwe. Kila aliyejitolea anapewa sinia moja. Kompyuta yako ikikaa bure inachambua sinia lake, inarudisha majibu, inapewa jingine."

"Ikikaa bure?"

"Ndiyo. Wewe ukipumzika, yenyewe inafanya kazi."

Fundi Saa alilipokea neno hilo kama mtu aliyepandishwa cheo. Tangu siku hiyo akawa anapumzika kwa bidii. Feni pekee ya nyumba ikaelekezwa kwenye kompyuta, wageni wakajipepea kwa magazeti. Dada yake, anayeishi naye, akimwita aoshe vyombo, alijibu akiwa amefumba macho: "Dada, nipo kazini."

Dada hakumkazania. Miaka miwili nyuma alikuwa ametibiwa saratani ya titi, na mdogo wake, mwenye maneno ya kujaza soko, hakuweza hata kuutaja ugonjwa ule mbele yake.

Mambo yaliharibika Jumanne. Kwenye kioo cha kompyuta yalitokea maandishi: Kazi imekamilika. Lilikuwa sinia moja tu limekwisha. Fundi Saa akavaa koti, huyoo, kwa kinyozi. Alipokaa kitini akaanza kusimulia: kompyuta yake ilikuwa imechambua mchele. Aliponyolewa upande mmoja, ilikuwa imeliona jiwe. Alipopakwa poda shingoni, kinasaba cha saratani kilikuwa kimekamatwa na maprofesa watatu walikuwa wamempigia simu wakilia.

Habari zikamtangulia nyumbani. Alimkuta Dada jikoni, kadi ya kliniki mkononi. Alhamisi ilikuwa siku yake ya kupimwa.

"Hongera, mdogo wangu. Nasikia umeumaliza ugonjwa."

"Aa, Dada, tumejitahidi."

"Basi Alhamisi siendi. Zile sindano zimenichosha. Nikachomwe ya nini, na dawa iko sebuleni inapepewa?" Akaitia kadi kwenye droo ya vijiko, akaifunga.

Fundi Saa akacheka. Dada hakucheka.

"Dada, nenda tu. Kuhakikisha."

"Kuhakikisha nini? Jiwe si limepatikana?"

"Nilitia chumvi kidogo."

"Kiasi gani?"

"Kijiko."

Dada akaanza kumenya kitunguu.

"Kikombe," akasema Fundi Saa, jasho likimtiririka. Dada akamenya cha pili. "Gunia, Dada! Gunia zima! Sijui hata kinasaba kinafananaje. Nenda, tafadhali. Nikikukosa wewe, nitamdanganya nani?"

Dada akaweka kisu chini, akafungua droo.

"Nitakwenda. Wewe utaanza kwa kinyozi, ukaseme hivyo hivyo. Alhamisi utanisindikiza. Na vyombo ni vyako mpaka kliniki ijayo."

Kwa kinyozi akasema, wakamcheka mpaka mkasi ukaanguka. Alhamisi akakaa kwenye foleni ya watu mia tatu, akamshikia Dada mkoba kwa saa tisa nzima bila tone la maji. Vipimo vikatoka safi: arudi baada ya miezi sita.

Sasa Dada, anayeyasoma haya juu ya bega la mwandishi, anasema watu walikuwa kumi na mmoja, walikaa saa mbili, na chai ilinyweka vikombe vitatu. Anauliza pia kwa nini mwandishi anamsimulia Fundi Saa kana kwamba ni mtu baki. Mwandishi anakunja mikono ya shati. Miezi sita ya vyombo imekuwa saba, kuanzia leo, na sufuria ya kwanza ina ukoko mnene kama ukuta wa benki.

"Na huo ukuta nao ufute," anasema Dada.