Kiyoyozi Kilichotoa Hali

Jumamosi ya mwisho ya Desemba, Samiha alisogeza meza hadi dirishani, akatandika gazeti, na fundi Kingori akaanza kukifungua kiyoyozi. Lilikuwa sanduku kuukuu lililong'olewa katika hoteli moja ya Nanyuki, likapachikwa kwenye dirisha la chumba hiki cha Majengo, uso ndani, mgongo uani. Hakuna mwingine mtaani aliyekuwa na kitu kama hicho. Nyeri ni mji wa masweta, na watu walicheka. Lakini chumba hakikuwa na dari. Kuelekea Januari mabati yaliwaka mchana kutwa, na Bi Chiku, mama yake Samiha, alikuwa na moyo mgonjwa. Februari iliyopita alizimia akiwa ameketi. Daktari alisema joto jingine kama lile litamuua. Mzee Mukhtar, mwenye ploti na vyumba vyake vya kupanga, alisema dari inakuja. Alikuwa amelisema hilo mwaka uliotangulia pia.

Kingori aliosha chujio kwa sabuni, akanyoosha mapezi ya bati kwa mswaki wa zamani, akazibua kibomba cha maji.

"Hii ilikuwa imerara tu," alisema. "Haina shida."

"Imelala," Samiha alisema. "Hiyo l mkitoka kwenu Gakindu mnaiacha wapi? Kwa kahawa?"

Bi Chiku alicheka kitandani.

"Ati mimi sijui kuongea?" Kingori alisema. "Sawa, dada. Leo utasikia Kiswahili ya Mombasa."

Ikabaki hatua ya mwisho. Kiyoyozi kikilala miezi ya baridi husahau kazi yake, kwa hiyo kabla ya msimu wa joto fundi hukiinamia na kukiambia kitoe nini ndani ya nyumba. Huambiwa mara moja tu kwa msimu. Kinachotakiwa kutolewa ni hari, yaani joto, na kila fundi anajua hivyo. Kingori, ulimi wake ukiwa bado unawasha kwa kuchekwa, aliinama, akazichunga r zake, na ile moja aliyoihitaji akaigeuza kuwa l. Akasema kwa sauti safi:

"Toa hali."

Kiyoyozi kikanguruma.

Alasiri chumba kilikuwa cha moto kama tanuri ya mkate. Ila Bi Chiku hakuwa akihema. Watiri, jirani wa mlango wa pili, alichungulia na kumwuliza, "Hali yako, mama?"

Bi Chiku alifikiri kidogo. "Sina," akajibu.

Ilikuwa kweli. Hakuwa mzima wala mgonjwa. Muuguzi aliyeitwa kumpima alikigongagonga kipimo chake, akasema akipata hali yoyote aletwe zahanati. Samiha naye, akiwa ndani, hakuweza kukasirika. Ilimbidi atoke uani, asimame kwenye upepo wa mgongo wa sanduku, ambako hasira yake ilikuwa ikimngoja.

Huko uani ndiko kila kitu kilikokuwa. Watiri, akianika nguo, alishika kifua na kuketi juu ya beseni. Alijua mara moja kilikuwa kifua cha nani. Waliopita kuchota maji walihisi mabati yakiwashukia kichwani, wakahisi woga wa mtu anayesikia saa saba ya mchana ikikaribia.

Samiha alimpigia Kingori simu. "Rudi ukiambie hari."

"Kinasikia mara moja, dada. Ngoja kirale tena Julai."

"Mama atafika Julai na joto hili?"

"Si ulisema hana hali?"

"Joto liko, Kingori. Linampika. Ni vile tu hasikii."

"Basi kizime."

"Nikizima, yote yanamrudia kwa mpigo."

Sauti ya Kingori ikawa ndogo. "Mwambie huyo mzee aweke dari. Dari ingemaliza hii maneno yote."

Wapangaji walilalamika, na kesho yake Mzee Mukhtar akaja baada ya sala ya adhuhuri, kanzu yake imepigwa pasi. Alisimama nyuma ya sanduku alichunguze. Akashika kifua. Watiri akamsogezea ndoo, akaikalia. Kilichomwingia kwanza kilikuwa kifua cha Bi Chiku. Kisha ikamwingia hasira ya Samiha.

"Hii dari itawekwa lini?" alifoka. "Kila mwaka tunaambiwa inakuja. Mama wa watu anachomeka humu, na mwenye ploti yuko kwake anakunywa chai."

"Mwenye ploti ni wewe, Mzee," Watiri alimwambia.

"Najua," alisema Mzee Mukhtar. "Hana haya."

Samiha alichuchumaa mbele yake. "Basi iweke."

"Ningekuwa mimi ningeiweka leo," alisema, akilia.

Kisha akaona jua linampiga machoni, akaivuta ndoo hadi kivulini karibu na mfereji wa maji, nje ya ule upepo. Pumzi zikamrudia. Akajifuta uso, akaweka kofia yake sawa.

"Nimejua sasa, binti yangu," alisema kwa upole. "Pole sana. Nitaleta mbao."

Jumatatu mbao zikaja kwa mkokoteni. Samiha alizipima kwa macho. Zilitosha dari, na nyingine zingebaki. Alihamisha vyombo, akamfunika mama yake shuka asiangukiwe na vumbi, akaacha mlango wazi.

Seremala hakuingia. Alijengea uani. Alipiga misumari hadi jioni, na alipomaliza kulikuwa na bomba la mbao lililoanzia mgongoni mwa sanduku, likapanda ukutani, likavuka mabati na kuelekeza mdomo wake barabarani. Huko barabarani watu walionekana wakisimama ghafla, wakishika vifua vyao, kisha wakiendelea na safari.

Uani wapangaji walivuta pumzi. Watiri alirudi kwenye kamba yake ya nguo.

"Njoo usikie, Samiha," Mzee Mukhtar aliita. "Pamekuwa pazuri."

Samiha alitoka na maneno yote tayari mdomoni. Alisimama mahali pale pale, akaingojea hasira. Aliisikia ikipita juu ya kichwa chake, ndani ya mbao.

"Ahsante, Mzee," alisema, akarudi ndani kwenye joto.