Futi Nane Pungufu

Asubuhi ambayo bodi ya ujenzi ya mji ilikuja kukagua chumba, Lorna Thibodeau aliamka mapema akapiga deki mara mbili, kisha akajicheka, maana bodi haikuwa inakuja kutazama usafi. Ilikuja kutazama futi. Sheria ya mji wa Tilbrook inataka nyumba ikae futi kumi na tano kutoka mpaka wa jirani, na chumba cha vioo alichokijenga marehemu mumewe, Armand, kilikaa futi saba. Majirani wapya walimleta mpima ardhi kwa ajili ya uzio wa mbwa wao. Mpima akachomeka vigingi vyake vyenye utepe wa rangi ya chungwa, na wiki mbili baadaye ikaja barua: uombe bodi ikusamehe futi hizo, au ubomoe.

Neno hilo la kubomoa ndilo lililomnyima usingizi. Armand alifia katika chumba hicho, Oktoba ya mwaka juzi, saratani ikiwa imemla hadi kubaki pajama na mifupa. Na tangu afe, hakuondoka humo.

Kila asubuhi, maji ya kahawa yakianza kuunguruma, Lorna alisikia tepu ya kupimia ikivutwa chumbani mle. Ulikuwa mkwaruzo mrefu wa chuma, wa polepole, kisha kimya. Aliyewahi kushika tepu anajua inavyorudi kwa kishindo ukiiachia. Hii haikurudi. Ilivutwa tu, kila siku ya Mungu, utadhani anayeivuta hajaiona namba anayoitafuta. Mara ya kwanza mwili ulimsisimka, akakimbilia kwa binti yake akalala huko siku tatu. Siku ya nne alirudi nyumbani, akiona afadhali mume wa kutisha kuliko kukosa mume kabisa. Hakumwambia mtu. Tilbrook ni mji mdogo na watu wake hawana dogo.

Binti yake, Colette, karani wa mwanasheria, ndiye aliyejaza fomu ya maombi. Alimkalisha mama yake jikoni akamfunza kama mtoto wa kipaimara.

"Mama, usiwaambie baba alifia humo. Na usilie. Waambie habari za mwamba. Nyuma ya nyumba ni jiwe tupu, mbele ni barabara, hakukuwa na pa kujenga pengine. Basi, unanyamaza."

"Shida iwe ya ardhi, isiwe ya mtu," Lorna alisema.

"Kumbe unajua."

"Mwanangu, nimelala na sentensi hiyo miaka ishirini na miwili."

Miaka hiyo yote Armand alikuwa mjumbe wa bodi hiyohiyo. Watu walikuja na vilio vyao, huyu ana mama wa kiti cha magurudumu, yule kapata mapacha, naye aliwasikiliza hadi mwisho, akawapa leso, kisha akapiga kura ya hapana. Machozi hayamo kwenye fomu, ndivyo alivyosema. Hakuwa mkatili. Aliamini ukimpa mmoja kwa kuwa analia vizuri, umemwibia yule asiyejua kulia mbele za watu. Nami nakiri neno hilo lina ukweli wake, ila ni ukweli wa mtu ambaye bado anapanda ngazi kwa miguu yake.

Merle Cutts hakuweza. Miaka saba nyuma, yeye na mkewe Winnie waliomba futi tatu tu, wajenge chumba cha kulala chini, kwa sababu magoti ya Merle yalikuwa yamekwisha. Armand aliwaambia kwa upole kwamba magoti si ardhi. Wenzake wakamfuata. Februari iliyofuata, Merle aliporomoka kwenye ngazi za nyumba yake asubuhi akishuka kunywa kahawa, na hakuamka. Tangu hapo Winnie, ambaye alikuwa shoga wa Lorna toka walipokuwa wakipika pamoja jikoni shuleni, akimwona dukani alihamia upande wa pili wa rafu.

Bodi ilifika saa tatu kamili, watu watano, ikiongozwa na Hollis Greeley, muuza majiko ya kuni. Siku ya ukaguzi wajumbe hawaruhusiwi kuongea lolote juu ya shauri, mpaka siku ya kikao. Kwa hiyo walizunguka nyumba kimya, mikono nyuma, kama watu waliokuja kuaga maiti. Walipima kutoka kwenye kigingi. Wakautazama mwamba. Mwisho wakaingia chumbani, wakasimama kwenye jua la vioo, kando ya kitanda ambacho Lorna hakuwa amekitoa.

Hapo tepu ikavutwa.

Kila mjumbe alitazama kiunoni mwa mwenzake. Mmoja akaishika tepu yake mkandani, mwingine naye yake, na zote zilikuwa zimefungwa. Mkwaruzo ule uliendelea kupita katikati yao, kuelekea upande wa mpaka, ukakoma. Hollis alikuwa amepauka kama unga. Alimtazama Lorna, na Lorna akatazama sakafu yake iliyopigwa deki mara mbili.

"Tumeona vya kutosha," Hollis alisema, sauti imekauka. Walitoka wakisukumana kidogo mlangoni.

Kikao kilikuwa Alhamisi saa moja jioni, katika ukumbi wa mji, kwenye viti vya kukunja. Lorna alisema ya mwamba kama alivyofunzwa. Hakulia. Alizungumza vizuri hata Colette, pembeni yake, akaanza kushusha pumzi. Kisha Hollis akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno, na Winnie Cutts akasimama safu ya nyuma, mkoba kifuani.

Lorna alijua siku hii itakuja, na akajua pia kwamba mwanamke huyu ana haki ya kusema lolote apendalo.

"Mnanijua," Winnie alianza. "Nilisimama hapahapa, nikakataliwa. Miaka saba nimemchukia Armand Thibodeau, sitawaficha. Nikienda kanisani namchukia, nikirudi namchukia. Lakini niliposikia habari za hiki chumba nikakaa nikafikiri. Yule mtu hakuwa mwizi. Asingejipa mwenyewe kitu alichomnyima Merle. Haiwezekani. Basi alikuwa mgonjwa, kichwa kimevurugika na dawa, hakujua anachimba wapi. Na kama ni hivyo, basi lile la kwetu lilikuwa sheria tu, hakuwa na kinyongo nasi. Hilo limenipa usingizi. Mpeni Lorna chumba chake."

Akaketi. Mtu mmoja alikohoa. Colette aliufinya mkono wa mama yake kwa furaha.

Hollis naye aliinama mbele, na ilikuwa wazi kwamba anamfungulia mlango. "Bi Lorna, nina swali moja, ujibu taratibu. Shida ya kujitakia hatuwezi kuisamehe, hiyo unaijua. Lakini Armand alipochimba msingi alikuwa kwenye dawa kali, sivyo? Huenda alisahau mpaka uko wapi."

Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Neno moja, na chumba kinabaki, na kila asubuhi mumewe anabaki naye.

Lakini Lorna alikuwepo. Ilikuwa Julai, na yeye ndiye aliyepiga magoti kwenye nyasi, ameshika ncha ya tepu juu ya chuma cha mpaka, Armand akirudi kinyumenyume kuelekea nyumba. Alisimama kwenye futi saba. Lorna akamuuliza, "Armand, si kumi na tano?" Naye alimtazama kwa macho maangavu kabisa, macho ya mtu mwenye akili zake zote, akasema, "Najua ni kumi na tano. Shika ncha, mke wangu." Alimaliza kupima, akaketi juu ya rundo la mbao kwa sababu miguu ilikuwa imemwishia nguvu, na hapo akasema jambo lingine, kwa sauti ndogo, akitazama mikono yake. "Na za Merle zilikuwa tatu tu."

Lorna aligeuka nyuma. Uso wa Winnie ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyetua mzigo, na Lorna aliona aibu iliyomchoma hadi kwenye masikio. Mwanamke huyu alikuwa anampa zawadi, na zawadi yenyewe imesimama juu ya uongo.

"Alijua," alisema.

"Mama," Colette alinong'ona.

"Alijua, Hollis. Alipima mwenyewe, na mimi nilishika ncha. Nilimkumbusha akasema anajua. Alikuwa hawezi ngazi, akakitaka chumba, akajenga. Samahani, Winnie, na tena alisema—"

Lakini Winnie alikuwa ameshasimama na kutoka, mlango wa ukumbi ukajifunga nyuma yake. Lililobaki Lorna hakulimaliza.

Walipiga kura. Watano wote hapana. Hollis alisoma uamuzi bila kuinua macho. Garini, Colette aliendesha mpaka nyumbani, na walipofika akasema neno moja tu: "Ungekaa kimya, mama. Ungekaa kimya tu."

Mafundi wawili walikuja mwezi uliofuata, na hadi saa sita mchana chumba kilikuwa mbao kwenye lori. Asubuhi ya pili yake Lorna aliweka maji ya kahawa jikoni. Yaliunguruma, yakachemka, akayaacha yachemke hadi birika likakauka na kuanza kunuka. Hakusikia kitu. Wala siku iliyofuata. Ndipo alipomlilia Armand kwa mara ya kwanza kwa sauti, peke yake, amekaa sakafuni kama mtoto.

Simu iliita Jumapili.

"Hollis kaniambia kilichowapata siku ya ukaguzi," ilisema sauti ya Winnie, bila salamu. "Ulikuwa unamsikia?"

"Kumsikia nani?"

"Usinifanye mjinga, Lorna."

"Kila asubuhi. Sasa hayupo."

Winnie akashusha sauti. "Kesho njoo kwangu. Saa kumi na mbili. Usichelewe, maana hangoji mtu."

Alikwenda, barabara ikiwa na umande. Jikoni kwa Winnie kulikuwa kama alivyokukumbuka, mapazia ya njano, na ngazi za mbao zikishukia palepale karibu na meza. Winnie alimwonyesha kiti.

Ikalia ngazi ya juu kabisa. Kisha ya pili. Zilikuwa hatua za mwanamume mzito anayeshuka huku ameshika ukuta, anapumzika, anashuka tena. Nywele zilimsimama Lorna shingoni. Alihesabu bila kutaka: saba, nane, tisa. Kimya.

"Hapo," Winnie alisema, macho mezani. "Ngazi ziko kumi na tatu. Miaka saba hajawahi kuvuka hapo."

Lorna alisimama. Alikwenda hadi chini ya ngazi akaushika mhimili.

"Merle," alisema, akitazama mahali pasipo na mtu. "Ni mimi, Lorna wa Armand. Siku ile anapima, baada ya kusema anajua, alisema neno lingine, na mimi sikuwahi kulifikisha. Alisema, na za Merle zilikuwa tatu tu. Hakusema kwa kujisifu. Alikuwa ameona alichokufanyia, na akawa mwoga, akaona afadhali ajenge kuliko aje hapa aseme. Alikukosea, Merle. Na mimi pia, maana nilikuwa najivunia ule msimamo wake."

Nyuma yake Winnie aliinua uso kutoka mezani.

Ngazi ya kumi ililia. Ikafuata ya kumi na moja, na ya kumi na mbili, na ya mwisho, na baridi kidogo ikampita Lorna begani kama mtu anayeomba njia kwenye chumba chembamba. Ubao wa sakafu karibu na dirisha ulibonyea, ukarudi. Halafu basi. Wanawake wale walikaa hapo mpaka jua likafika kwenye meza.

Siku ya pili simu iliita saa kumi na mbili na robo.

"Hakushuka leo," Winnie alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Nimekaa, nimengoja. Hakuna kitu, Lorna. Kimya kabisa."

Lorna alisimama na simu sikioni, asijue ampe pole au ampe hongera. Mwishowe alimwambia aweke maji ya kahawa, anakuja.